Jibu: Picha za hai-ki na lo-ki ndani ya nyumba ya Lamu, bila taa za studio

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unaishi Lamu, una kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 50 pamoja na simu, na kwamba kila ukipiga kitu cheupe mbele ya shuka nyeupe unapata kijivu, na ukitafuta giza unapata rangi ya majivu badala ya weusi. Umeuliza kama huna budi kununua taa za studio. Nimekuwa nikipiga picha za aina hizi mbili kwa miaka kadhaa katika nyumba yetu ya kale hapa Mkomani, na nakujibu kwa yakini kwamba taa zinaweza kusubiri. Jambo la kwanza ni kujua mwanga unaingilia wapi, unagonga nini njiani, na unazuiwa na nini.

Picha ya hai-ki ni ile ambayo sehemu yake kubwa iko upande wa weupe na vivuli vyake ni vyepesi. Picha ya lo-ki ni ile iliyozama katika giza, na mwanga umeachiwa sehemu chache zilizochaguliwa. Majina haya yalitoka kwenye kazi ya taa katika filamu na studio, ambako taa kuu huwekewa taa ya pili ya kupunguza vivuli. Tofauti ya nguvu baina ya taa hizo ikiwa ndogo, tuseme mbili kwa moja, vivuli hufunguka. Ikifika nane kwa moja au zaidi, vivuli hufunga. Vichekesho vya Hollywood vilipendelea njia ya kwanza, na filamu za uhalifu za miaka ya 1940 zilijengwa juu ya njia ya pili, ingawa wachoraji kama Caravaggio, aliyefariki mwaka 1610, walikwisha kuufanyia kazi mwanga wa namna hiyo kwa brashi muda mrefu kabla ya kamera kuwako. Nalieleza hili kwa sababu wengi hudhani kwamba hai-ki ni picha iliyounguzwa na mwanga na lo-ki ni picha iliyokosa mwanga. Hai-ki nzuri huonyesha uzi wa kitambaa cheupe na bado ina weusi mdogo mahali fulani, katika mboni ya jicho au ukingo wa nywele. Na lo-ki nzuri ina sehemu iliyoangazwa barabara, ambayo ndiyo sababu ya picha yenyewe.

Kijivu unachokipata kinatokana na jinsi kamera inavyopima mwanga. Kipimo chake hakijui kwamba umeweka shuka nyeupe. Huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikijumlishwa, ni kijivu cha wastani, kile ambacho kwa desturi husemwa kwamba hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ukiielekeza kwenye weupe mtupu, hupunguza mwanga mpaka weupe ule uwe kijivu. Ukiielekeza kwenye weusi, huongeza mwanga mpaka weusi ule uwe majivu. Kwa hiyo ni wewe unayepaswa kuisahihisha: kwa tukio jeupe sogeza alama ya kujumlisha na kutoa hadi +1 au hata +2, na kwa tukio jeusi ishushe hadi −1 au −2. Kila stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Kisha tazama histogramu, yaani mchoro wa kamera unaoonyesha kiasi cha weusi (kushoto) hadi weupe (kulia) katika picha, kwa sababu kioo cha nyuma ya kamera hudanganya, hasa ukikitazama uani wakati wa jua. Katika hai-ki mlima wa histogramu unapaswa kuegemea kulia bila kugandamana na ukuta wa mwisho, isipokuwa kwa sehemu ya nyuma ambayo umeamua mwenyewe iwe nyeupe kabisa.

Sasa tuje kwenye nyumba, kwa kuwa hapa ndipo sisi wa Lamu tulipopendelewa. Nyumba zetu za mawe hazina madirisha mengi ya kutazama njia. Mwanga wake mwingi huingia kupitia ua wa ndani, kiwanda, kisha hupita kwenye misana, yaani vyumba vya mbele vinavyofuatana kutoka uani, na kupungua hatua kwa hatua mpaka ufike chumba cha ndani chenye zidaka, vishubaka vilivyochongwa ukutani. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wao hufuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na kuta ni nene, zimesiribwa kwa chokaa nyeupe. Maana yake ni kwamba katika nyumba moja, saa ileile, una ngazi nzima ya mwanga. Kwenye msana unaokabili kiwanda mwanga ni mpana na mlaini, na chokaa huurudisha kutoka kila upande. Huko ndiko mahali pa hai-ki. Ukiingia ndani zaidi, mwanga unabaki ukitoka upande mmoja tu, kupitia mlango, na nusu ya uso wa mtu hubaki gizani yenyewe. Huko ndiko mahali pa lo-ki. Kabla ya kupiga picha yoyote, beba yai au kikombe cheupe, ukitembeze kutoka kiwanda hadi ndani, na utazame jinsi kivuli chake kinavyozidi kukolea. Zoezi hilo hufundisha haraka kuliko maelezo yangu haya.

Chagua pia saa. Lamu iko karibu sana na ikweta, takriban nyuzi 2 na robo kusini yake, na jua hupita utosini kabisa katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Siku hizo adhuhuri, jua huanguka wima katika kiwanda na kutia vivuli vikali vya chini ya nyusi na pua. Mimi hupendelea asubuhi, jua likiwa limegonga ukuta wa juu wa kiwanda bila kufika chini: ukuta ule wote hugeuka kuwa taa moja kubwa, na ukubwa wa chanzo cha mwanga ukilinganishwa na kitu unachopiga ndio unaofanya kivuli kiwe laini.

Kwa hai-ki, anza na kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, ile yenye vitundu vidogo vilivyopangwa kwa nakshi. Nakupendekezea kofia kwa sababu ni mtihani wa haki. Ukiiangaza kutoka mbele, vitundu vyote hupotea na unabaki na duara jeupe lisilo na habari. Iweke juu ya shuka nyeupe umbali wa hatua chache kutoka kiwanda, mwanga uje kwa ubavu ukiipapasa, na utaona kila kitundu kimepata nukta yake ya kivuli na kila mstari wa uzi umeinuka. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ngumu au kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeupe, ukikisogeza karibu mpaka kivuli kiwe chepesi bila kufutika. Pazia au shuka ya nyuma lazima iwe na mwanga kuliko kofia yenyewe, karibu stopu moja, vinginevyo itakuja kijivu hata ukijumlisha. Njia rahisi ni kutundika shuka mlangoni, jua likiwa nyuma yake, ili shuka yenyewe iwake. Usizidishe, kwani nyuma ikiwaka mno mwanga wake humwagika ndani ya lenzi, na picha nzima hupauka kama kanga iliyofuliwa mno. Na kwa kuwa chokaa ya zamani ina umanjano kidogo, ipe kamera karatasi nyeupe mahali palepale ili ipange mizani ya rangi, na uzime balbu zote: balbu ya manjano ya 2700K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) ikichanganyika na mwanga wa mchana ulio karibu na 5500K, nusu ya kofia huwa ya rangi ya chungwa na nusu ya samawati, na hakuna programu itakayoirekebisha kwa urahisi.

Lo-ki ni ngumu zaidi kwetu, na mhalifu ni ileile chokaa iliyotusaidia. Watu hutundika kitambaa cheusi nyuma, wakawasha taa moja, wakashangaa kwamba kivuli hakikolei. Taa imegonga ukuta mweupe wa kushoto, ikarudi, ikagonga dari, ikarudi tena. Kwa hiyo kazi yako ni kuondoa mwanga. Tundika kaniki au buibui la zamani upande ule wa kivuli pia, karibu kabisa na kitu unachokipiga, nje kidogo tu ya picha, na utaona shavu la gizani likizama papo hapo. Kisha ibane taa: tochi au balbu iliyofunikwa kwa bomba la karatasi nyeusi ili mwanga usitawanyike. Mwisho, tenganisha kitu na nyuma yake. Kwa chanzo kidogo cha mwanga, umbali ukizidi mara mbili mwanga hubaki robo. Taa ikiwa nusu mita kutoka kwenye uso na kitambaa kikiwa mita 2 kutoka kwenye taa, kitambaa kinapata sehemu moja ya kumi na sita tu ya mwanga wa uso, yaani kimepungua stopu 4. Kwa umbali huo hata kitambaa cha kijivu kinaweza kuonekana cheusi.

Jaribu dele ya shaba ya kahawa. Shaba iliyosuguliwa haionyeshi taa inayoipiga. Inaonyesha vitu vinavyoizunguka, wewe ukiwemo, kwa hiyo vaa nguo nyeusi. Badala ya kuimulika dele moja kwa moja, simamisha ukanda mwembamba wa karatasi nyeupe ubavuni mwake, nje ya picha, na umulike ule ukanda. Mstari mmoja wa mwanga utashuka kwenye shingo ya dele, utapinda kwenye tumbo, na utarudi kwenye mdomo wake, na mstari huo pekee unatosha kueleza umbo lote. Kamera iwe kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, na shata, pazia linaloruhusu mwanga kuingia, uiache ichukue muda inaotaka. Moshi wa udi ni kinyume chake: wenyewe huonekana vizuri ukimulikwa kutoka nyuma kwa ubavu, mbele ya giza, huku kadibodi ikiizuia taa isiingie kwenye lenzi. Zima feni, funga dirisha, na tumia shata ya 1/125 ya sekunde au ya kasi zaidi, maana moshi hautulii.

Kuhusu nyuso, kuna jambo ambalo linaniuma na nitalisema wazi. Wapigaji wengi, wakiitwa harusini au studioni kupiga hai-ki, huwafanya watu weusi kuwa weupe, kisha wakaiita hiyo kuwa ndiyo mbinu. Huko ni kumvunjia heshima mtu aliyekaa mbele yako. Weupe wa hai-ki ni wa mandhari, nguo na hewa ya picha. Ngozi ibaki katika kiwango chake. Pima mwanga kwenye uso kwa kipimo cha nukta, kinachopima sehemu ndogo tu ya picha, na kwa ngozi nyeusi shusha stopu moja hivi kutoka anachokueleza kipimo, kisha ulete weupe kwa kuongeza mwanga wa nyuma. Ngozi nyeusi hupata umbo lake kutokana na mng'ao unaotembea juu ya mfupa wa shavu na ukingo wa taya, na mng'ao huo hutaka chanzo kipana, kama mlango ulio wazi au shuka iliyopigwa na jua. Katika lo-ki ongeza mwanga mwembamba kutoka nyuma ya bega, ili nywele au kilemba kisiungane na giza. Na kwa kuwa tunaishi pamoja na tunajuana, omba idhini ya mwenye uso na ueleze picha itakwenda wapi. Wapo akina mama wasiotaka nyuso zao zionekane, lakini watakubali kwa furaha upige mikono yenye hina juu ya shuka nyeupe, na hiyo ni hai-ki kamili.

Kwa simu, gusa na ushikilie mahali palipo muhimu mpaka kipimo kijifunge, kisha teremsha au pandisha alama ya jua. Zima HDR (hali ya simu inayounganisha picha kadhaa ili kusawazisha mwanga na giza) na hali ya usiku unapotafuta lo-ki, kwa sababu kazi yake ni kufungua vivuli ambavyo wewe umetaabika kuvifunga. Kwa kamera, hifadhi faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera. Zina nafasi kubwa ya kurekebisha weupe kuliko JPEG, picha ya kawaida iliyokwisha kubanwa, ingawa weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Ukituma picha zako hapa, usituambie f na ISO pekee. Tueleze dirisha au mlango ulikuwa upande gani, saa ngapi, ukuta wa pili ulikuwa wa rangi gani na umbali gani. Kwa habari hizo tutaweza kukuambia kilichoharibika, na bila hizo tutakuwa tunakisia.