Usifute usichokiona: somo nililopewa na herufi chillu

Wiki yangu ya pili kwenye kazi ya kusafisha data, nilikabidhiwa faili la maandishi ya Kimalayalam, lugha ya Kerala, kusini mwa India. Lilikuwa limejaa alama zisizoonekana, zisizo na upana wowote. Nikadhani ni takataka. Nikaandika amri ya mstari mmoja, nikazifuta zote, nikawasilisha kazi.

Aliyeirudisha ni mwenzetu mzaliwa wa Kerala. Aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akaniambia, "Hapa paliandikwa avan, yaani yeye. Sasa panasomeka avanu, yaani kwake." Kisha akashuka mstari kwa mstari. Kila mahali, yeye amekuwa kwake.

Ninyi mnaoanza, lielewe hili mapema kuliko mimi. Kimalayalam kina herufi ziitwazo chillu: konsonanti inayosimama peke yake bila irabu. Neno avan huishia na chillu ya n, അവൻ. Zamani chillu haikuwa na msimbo wake katika Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake. Iliandikwa kwa alama tatu zikifuatana: herufi "na" (U+0D28), chandrakkala inayoondoa irabu (U+0D4D), halafu kiungio kisichoonekana (U+200D). Futa hicho cha mwisho, kinachobaki ni അവന്. Ndiyo ile "kwake" niliyoonyeshwa.

Mwaka 2008, katika toleo la 5.1 la Unicode, chillu zilipewa misimbo yake zenyewe. Ya n ikawa U+0D7B. Lakini maandishi ya zamani yalibaki yalivyo, kwa hiyo faili moja linaweza kuwa na namna zote mbili. Kwa macho huoni tofauti. Ndani, katika UTF-8, yaani namna ya kuhifadhi misimbo hiyo kama baiti, chillu ya zamani ni baiti 9 na mpya ni baiti 3, na ukitafuta kwa moja, nyingine haiji. Msitegemee NFC, usawazishaji wa Unicode unaogeuza namna zinazohesabiwa kitu kimoja ziwe moja, maana Unicode haizihesabu namna hizi mbili kuwa kitu kimoja. Geuza mwenyewe zile alama tatu ziwe msimbo mmoja, na ufanye hivyo kabla ya kugusa alama yoyote isiyoonekana. Zitakazobaki zikague moja moja, kwani nazo huenda zina kazi.

Asidhani mtu haya ni ya Wahindi peke yao. Chukua ritifaa yetu. Kibodi hutoa U+0027, programu ya kuandikia huibadilisha kimyakimya kuwa U+2019, na ng'ombe mmoja anakuwa wawili kwenye hifadhidata. Anayefuta alama zote za uandishi ndiye anayeniuma zaidi: ng'oa inakuwa ngoa, na mkulima aliyeandika kuhusu kung'oa magugu anaonekana anazungumzia wivu.

Faili lile lilipona kwa sababu msimamizi wangu alikuwa na nakala ya asili. Mimi sikuwa nayo. Siku hizi naanza kwa kutunza nakala, kisha natoa orodha ya misimbo yote iliyomo na idadi ya kila mmoja. Nikimaliza, nachagua maneno kumi, nayapanga kabla na baada, nampelekea mtu anayeisoma lugha hiyo tangu utotoni. Mpaka aseme sawa, faili haliondoki mezani kwangu.