Kamera ya joto bila waya, inawezekana?

SWALI: Kamera yangu ya joto ni ya kuchomeka USB, waya mfupi, nataka picha niione kwenye tableti nikiwa mbali. Nifanyeje kwa bei poa?

JIBU: Inawezekana kabisa ndugu. Chukua Raspberry Pi Zero 2 W, kikompyuta kidogo cha bodi moja, ina Wi-Fi humohumo, chomeka kamera kwa adapta ya OTG (ya kugeuza maikro USB kuwa tundu la USB la kawaida) maana tundu la Pi ni maikro USB, halafu Pi yenyewe irushe hotspot, tableti inaunga hapo unaangalia kwenye brauza, hata tableti ya zamani inatosha, picha za joto ni ndogo, kwa mfano sensa ya kamera ya joto FLIR Lepton 3.5 ni pikseli 160 kwa 120 tu. Ila hakikisha kwanza kamera inatambulika kama webkamu ya kawaida, zinazotaka programu ya mtengenezaji peke yake zitakusumbua sana.