Risasi kumi, sentimita 4, mita 50: mtutu umechoka ama ni mimi?

SWALI: Kochi salamu. Mi niko Jinja, nina bunduki ya .22 ya bolti, leseni iko sawa, napiga karatasi tu siwindi. Juu nimefunga skopu, darubini ya kulengea, ya 3-9x40 niliyotoa kwenye bunduki kubwa ya kuwinda ya marehemu mzee. Kwenye grupu letu la simu jamaa wanarusha picha za risasi tatu tatu zimegusana, juzi mmoja kaweka kundi la matundu la milimita 12 kwa mita 50 kaandika "nusu MOA". Mi nikakaa mezani na vifuko vya mchanga, saa nane mchana hivi, nikapiga kumi kwa hiyo hiyo mita 50. Yakatoka matundu yamelala upana sentimita 4, kwenda juu kama sentimita moja na nusu. Kila baada ya tatu nilikuwa nazungusha skopu kulia ama kushoto kurudisha katikati lakini wapi. Sasa nafikiria kuuza. Ni mtutu umechoka ama ni mimi?

JIBU: Usiuze ndugu yangu. Na nashukuru umenitajia vipimo viwili, upana na kimo, manake wengi wananiandikia "kundi langu ni kubwa" basi, hapo siwezi kusaidia mtu. Wewe karatasi yako imeshajibu nusu ya swali.

Angalia hivi. Mtutu uliochoka haujui kulia na kushoto, unatawanya pande zote. Risasi mbovu nayo, zile ambazo kasi yake haifanani, zinatawanya zaidi kwenda juu na chini, manake yenye kasi inafika ikiwa juu na iliyo mvivu inafika chini. Kwa .22 ya kasi ya kawaida, hapo mita 50, tofauti ya mita 10 kwa sekunde peke yake inakupa karibu milimita 7 za juu-chini. Sasa wewe kwa risasi kumi nzima juu-chini yako ni milimita 15, na MOA moja, kile kipimo cha pembe tunachopimia makundi, kwa mita 50 ni milimita 14.5. Kwa hiyo kwenye kimo bunduki yako imekaa kwenye MOA moja, risasi kumi, bila kuchagua, na bunduki yenye mtutu uliokufa haifanyi hivo. Kitu kinachokuumiza ni kitu kinachofanya kazi upande upande tu, na vitu vya hivo ni vichache, upepo, jicho lako kwenye skopu, kidole, na mkono uliokuwa unazungusha zile kliki, hatua ndogo za kurekebisha skopu.

Kabla sijaingia huko ngoja tumalize habari ya jamaa wa nusu MOA, naona ndiyo iliyokukosesha usingizi. MOA ni pembe, sehemu moja ya 60 ya digrii, si urefu, kwa hiyo milimita zake zinabadilika na umbali. Mita 100 ni milimita 29, mita 50 ni nusu yake, hiyo 14.5. Jamaa yako kachukua 12 akagawa kwa 29 akapata 0.4, akaona ni chini ya nusu. Lakini alipiga mita 50, alitakiwa agawe kwa 14.5, jibu ni 0.83. Bado ni kundi zuri, nampa pongezi zake, ila si nusu MOA. Waelezeni vizuri tu huko kwenye grupu, hili kosa nalikuta kila mahali na watu wanalirudia kwa nia njema kabisa.

Alafu kuna hili la risasi tatu, na hapa naomba ukae unisikilize, manake ndipo watu wanapoteza pesa kwa kununua mitutu na skopu wasizohitaji. Kundi tunapima tundu la mbali na tundu la mbali, si ndiyo? Basi kila risasi unayoongeza inaweza kulipanua kundi, haiwezi kulipunguza hata siku moja. Kwa hesabu za kawaida za mtawanyiko, kundi la kumi linatoka kwa wastani mara 1.6 ya kundi la tatu, bunduki ile ile, mtu yule yule, boksi lile lile. Hiyo 40 yako ukiishusha kwenye lugha ya risasi tatu ni kama milimita 25. Na makundi ya tatu yenyewe yanayumba sana, ukipiga makundi kumi ya tatu tatu lile dogo kuliko yote linaweza kuwa nusu ya wastani ama chini ya hapo. Nusu ya 25 ni 12 na kitu. Umeona? Bunduki yako, na makosa yake yote ya ile mchana, kuna siku ingetoa picha ile ile ya jamaa, na hiyo ndiyo ungeirusha kwenye simu na zile tisa zingebaki kwenye ndoo ya takataka.

Wanaoshindana kweli hawana hiyo nafasi. Kwenye mchezo wa .22 wa mita 50 duara la pointi kumi ni milimita 10.4 tu, na bunduki ya hewa ya mita 10 kumi yake ni nukta ya nusu milimita, wanapiga 60 na zote 60 zinahesabiwa, hakuna kusema hii ilinitoroka. Wale wa benchi, wanaopiga wakiwa mezani kupigania kundi dogo, nao wanachukua wastani wa makundi matano ya risasi tano tano. Mi hiyo heshima ya kuhesabu kila tundu naipenda sana, na natamani vijana wetu waianze mapema. Risasi iliyotoka nje unaruhusiwa kuitenga kwa sharti moja tu, uwe umesema kabla hujaangalia karatasi kwamba hii nimeivuta vibaya. Ukisema baada ya kuona tundu, hiyo ni ya kundi.

Haya, upande upande sasa. Upepo kwanza. Jinja saa nane mchana ziwa limeshaanza kupumua kuelekea nchi kavu, wewe unaishi hapo unaujua ule upepo, unakuja unaacha unakuja tena. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kutikisa matawi madogo, ukikata njia ya risasi kutoka pembeni unaisukuma .22 ya kasi ya kawaida karibu sentimita mbili na nusu kwa mita 50. Hapo hujakosea chochote. Na kama umenunua zile za kasi kubwa ukidhani zitaupita upepo ndiyo umeongeza shida, zinasukumwa zaidi, karibu nusu zaidi, manake zinapoteza kasi haraka sana zikiwa karibu na kasi ya sauti, na upepo unaisukuma risasi kwa kadiri inavyocheleweshwa njiani. Nunua za kasi ya kawaida, zile za mita 325 hadi 330 kwa sekunde. Kwa joto letu la nyuzi 27 ama 28 sauti inaenda karibu mita 347, kwa hiyo hizo zinakaa chini yake tangu mdomoni mwa mtutu. Hewa yetu huku juu ya mita 1,100 ni nyepesi kidogo pia, inasaidia, lakini usiitegemee.

Chana kaveera, mfuko wa plastiki, vipande vyembamba vya urefu wa kiganja, funga kwenye vijiti viwili, kimoja karibu na wewe kama mita 10, kingine katikati ya njia. Cha karibu ndicho cha kuheshimu zaidi, manake risasi ikisukumwa mapema inabaki na ule mwelekeo njia yote iliyobaki. Subiri kaveera ikae ile ile kila unapobonyeza. Ikigeuka toa kidole, pumua, subiri, hakuna anayekukimbiza. Ama amka mapema tu, saa moja mpaka saa tatu asubuhi huwa pametulia.

Sasa skopu, na hii nadhani ndiyo imekula sehemu kubwa ya zile sentimita. Skopu iliyotoka kwenye bunduki kubwa ya kuwinda mara nyingi imewekwa kiwandani paralaksi yake yadi 100, ni kama mita 91. Manake kwa umbali huo tu ndio msalaba wa kulengea na karatasi vinakaa sehemu moja, na wewe unapiga 50. Jicho lako likihama kidogo kutoka katikati ya lenzi, msalaba unahama juu ya karatasi wakati bunduki haijaguswa kabisa. Kwa lenzi ya mbele ya milimita 40 kosa linaweza kufika karibu milimita 9 upande mmoja, na 9 nyingine upande wa pili, hizo tayari 18. Na jicho halihitaji kuhama sana, ukiwa kwenye 9x mwanga unaotoka nyuma ya skopu ni duara la milimita 4.4 tu, kwa hiyo milimita 2 za shavu kuteleza kwenye kitako zimeshakupeleka ukingoni. Unapokaa mezani shavu linateleza zaidi kulia-kushoto kuliko juu-chini, manake chini kitako kinalizuia. Linganisha na karatasi yako.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Toa risasi zote, acha bolti wazi, laza bunduki kwenye vifuko mpaka imetulia yenyewe, msalaba uwe kwenye karatasi ya mita 50. Mikono nyuma. Sogeza kichwa pole pole kulia alafu kushoto huku unaangalia ndani. Msalaba ukitembea juu ya karatasi, umempata mwizi. Kama skopu ina pete ya kurekebisha umbali mbele ama pembeni, izungushe mpaka utulie. Ile ya zamani ya kuwinda pengine haina, basi fanya hivi, rudisha kichwa nyuma kidogo mpaka uone kivuli chembamba cheusi kimezunguka picha, alafu hakikisha hicho kivuli unene wake unalingana pande zote kabla ya kila risasi. Kikiwa kinene kushoto kuliko kulia, jicho haliko katikati. Hiyo haigharimu hata shilingi. Wengine wanagandisha kipande cha sponji na tepu juu ya kitako ili shavu lipande mpaka liwe usawa wa lenzi, nayo inasaidia sana, hasa kama pete za skopu ni ndefu.

Kuhusu kliki, hapana, acha kabisa. Ukizungusha katikati ya kundi lile si kundi tena, ni makundi manne umeyalaza juu ya mengine, na hiyo 40 yako ndani yake kuna mkono wako. Katikati ya risasi tatu si katikati ya kweli, kwa mtawanyiko kama wako inaweza kuwa imehama milimita 6 kwa bahati tu, na kliki moja ya robo MOA kwa mita 50 inahamisha milimita 3.6. Kwa hiyo ulikuwa unaikimbiza bahati, leo kulia kesho kushoto. Piga kumi, tafuta katikati ya zote kumi, ndipo uzungushe mara moja, alafu ufunike vifuniko.

Vingine kwa haraka. Kaza skrubu za kuunganisha chuma na kitako kwa kipimo cha kijitabu cha bunduki, sawa mbele na nyuma, na pete za skopu vilevile. Kidole kiguse triga kwa ncha ya nyama, kivute nyuma moja kwa moja, ukikiingiza sana kinasukuma pembeni. Ukibadilisha aina ya risasi piga kumi na tano ama ishirini za kuzoesha mtutu kabla hujapima, manake nta ya vichwa inatofautiana. Na ukipata boksi linalopendwa na bunduki yako soma namba ya mzigo (lot) pembeni ukanunue ya namba hiyo hiyo, mizigo miwili ya kampuni moja saa ingine inapiga kama kampuni mbili.

Jioni usipige. Nenda asubuhi moja yenye utulivu, karatasi mbili, risasi kumi kila moja, kaveera zikiwa juu, hakuna kliki. Kupima chukua kalipa, kile kipimo cha kubana, pima ukingo wa nje wa tundu la mbali mpaka ukingo wa nje wa lile lingine, alafu toa upana wa tundu moja. Usitoe milimita 5.7 za upana wa risasi kwa sababu imeandikwa vitabuni, karatasi inajifunga kidogo baada ya risasi kupita, pima tundu lililo peke yake utoe hicho kipimo. Alafu tafuta katikati ya kumi zote, pima kila tundu liko umbali gani kutoka hapo, chukua wastani. Hiyo namba ya wastani ndiyo ninayoitaka zaidi, manake inatumia matundu yote kumi wakati upana wa kundi unatumia mawili tu ya pembeni. Kuna programu za simu zinafanya hiyo hesabu kutoka kwenye picha, tumia, ila uweke rula kando ya karatasi wakati wa kupiga picha.

Nitumie karatasi zote mbili hata kama moja ni mbaya, uandike aina ya risasi, saa, na kaveera zilikuwa zinaelekea wapi. Kama upana utakuwa umeshuka ukakaribiana na kimo, bunduki ni nzima na tutaanza kuongea habari ya kuchagua risasi. Kama bado unalala upande upande na hakuna upepo, ile skopu irudi kwenye bunduki ya mzee utafute yenye paralaksi ya yadi 50, na mtutu usiuguse.