Barua kwa mwanangu: hilo hujaambiwa ulishukuru

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Sisi huku Kisauni twaendelea. Baba yako jana usiku alikula vizuri, na asubuhi hii amenigombeza kwa ajili ya redio, basi ujue yuko salama kiasi chake. Nakuandikia kwa kalamu, halafu nduguyo ataipiga picha barua hii akutumie kwa WhatsApp. Ule ujumbe wako wa sauti wa juzi nilijaribu kuujibu mara mbili, nikafuta yote. Nikiongea nalia, na nikilia wewe utaanza kunibembeleza mimi, na swali litapotea.

Swali lako naliandika hapa kama ulivyolisema, nisije nikajibu jingine. "Mama, wamama wa ushirika walikuja, wakaniambia nimshukuru Mungu kwa kila jambo, hata kwa mtoto, na hizi nguo zake nizigawe nisahau. Wewe nawe kila nikija nyumbani nakusikia alfajiri ukisema asante Mungu, na Baba huu mwaka wa sita yuko kwenye mashine ya figo. Mnamdanganya Mungu, au mnajidanganya wenyewe?"

Naanza na la mtoto. Sikumshukuru Mungu kwa kifo cha mtoto wako. Sikumshukuru siku ile, sijamshukuru mpaka leo, na sina nia hiyo. Mumeo aliponipigia simu kwamba amezaliwa amekwisha kufa, nilikuwa nakanda unga. Nilikaa chini palepale jikoni, nikamwambia Mungu maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu nduguyo atayapiga picha.

Andiko walilokusomea nalijua, 1 Wathesalonike 5:18, "Shukuruni kwa kila jambo." Mchungaji wetu mmoja wa zamani, aliyesoma Kigiriki, alitufundisha kwamba Paulo pale alisema "katika" kila jambo. Lakini hata bila Kigiriki, rudi sura moja nyuma. Watu wale walikuwa wamefiwa. Paulo hawaambii wasihuzunike. Awaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Huzuni ina ruhusa ndani ya barua ileile, na wamama hao hawakufika sura ya nne.

Sasa utanishika kwa Waefeso 5:20, maana wewe tangu shule ya Jumapili hukubali kusomewa mstari mmoja ukafichwa mwingine. Pale imeandikwa tumshukuru Mungu "kwa mambo yote". Naam. Hilo sijalimaliza. Baba yako asema yeye analielewa: ugonjwa ndio uliomleta baba yako mkubwa mlangoni kwetu baada ya miaka kumi na mmoja ya kununiana juu ya lile shamba la Rabai, na kwa hivyo yeye hushukuru kwa figo. Hushukuru kabisa, kwa sauti. Mimi sala hiyo siiwezi. Yeye ndiye mwenye sindano mkononi. Akishukuru kwa ugonjwa wake, mimi nanyamaza. Lakini ningeisema mimi kwa niaba yake, au ningemlazimisha aiseme, ningekuwa mke mbaya na Mkristo mbaya zaidi. Hapo ndipo walipokukosea wamama wa ushirika. Walishukuru kwa kidonda kilicho mwilini mwa mtu mwingine, kisha wakanywa chai yako.

Turudi kwangu, maana umeniuliza mimi.

Daktari alipotuambia figo zote mbili zimekwisha, Jumapili iliyofuata kiongozi wa ibada alisimama akasema, "Mungu ni mwema!" Kanisa zima likaitika, "Kila wakati!" Mimi kinywa kilifunga. Sikuwa na hasira. Nilikuwa kama mtu anayeulizwa bei ya kitu ambacho hajakiona. Nilikaa hivyo Jumapili nyingi. Nyimbo naimba, sadaka natoa, lakini tukifika pale pa "kila wakati" nanyamaza. Baba yako peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu tulikuwa tukikaa benchi moja, na yeye mwenyewe alikuwa akiitika kwa nguvu kuliko kawaida ili kunifunika.

Nilifunguliwa na mkono wake. Wewe ulikuwa umeshaolewa huko Nairobi, huenda hukuelezwa vizuri. Walimpasua mkono wa kushoto, wakaunganisha mshipa wa damu unaotoka moyoni na ule unaorudi, ili mashine ipate damu ya kutosha. Pale walipounganisha panatetemeka. Ukiweka vidole wahisi kama tumbo la paka anayekoroma. Muuguzi alituonya: hapa mpaguse kila siku. Siku mtakapokosa huo mtetemo msingojee Jumanne wala Ijumaa, njooni mbio, damu itakuwa imeganda njiani.

Basi kila alfajiri, saa kumi, kabla sijawasha jiko la mahamri, naingiza mkono ndani ya chandarua natafuta pale. Yeye amelala. Kuna muda mdogo hivi ambapo sijapapata, na hapo, mwanangu, sikumbuki andiko lolote, nina vidole tu. Halafu panatetemeka. Ndipo unaponitoka ule "asante Mungu" unaousikia kupitia ukutani. Sikuupanga. Ulinitoka siku ya kwanza, ukanitoka ya pili, na wiki ilipokwisha nikagundua kwamba nimerudi kusali.

Kwa hivyo ukiuliza kama namdanganya Mungu, jua ninachomshukuru saa hiyo. Namshukuru kwa mtetemo. Figo tunazizungumza baadaye, nikiwa nasukuma mahamri, na mazungumzo hayo si ya upole kila mara. Adhana ya msikiti wa nyuma hunikuta bado nalalamika. Daudi alianza hivyo hivyo, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na katika Zaburi 13 anamalizia kwa kuimba. Lakini Zaburi 88 huanza gizani na kumalizikia gizani, na ipo kwenye Biblia ileile, hakuna aliyeiondoa. Siku nyingine ni 13, siku nyingine ni 88. Na Ayubu watu wanampenda sana pale sura ya kwanza, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa." Wakifika sura ya tatu, alipoilaani siku aliyozaliwa, wanafunga kitabu. Kina sura 42.

Mbona kila siku? Kwa sababu mtetemo wa jana hauniambii lolote kuhusu leo. Waisraeli waliobakisha mana mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu, inanuka. Mimi muuza mahamri andiko hilo nalielewa kuliko maaskofu wengi. Hamri la jana waweza kulipasha moto, ukaliweka juu ya bakuli la mbaazi za nazi likaonekana zuri, lakini mteja atajua.

Halafu kuna barafu. Mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi inapochoma, baba yako maji yake yote ya siku yanaingia kwenye chupa ya nusu lita, na chai imo humo humo. Figo hazitoi maji, kwa hivyo anachokunywa kinabaki mwilini, na Ijumaa akipanda mzani kabla ya mashine muuguzi anajua kama aliiba. Dafu ni marufuku kabisa. Lina potasiamu nyingi, na mwili ukishindwa kuitoa yaweza kuusimamisha moyo. Fikiria mtu aliyekulia Rabai akipanda minazi, leo apita kwenye mkokoteni wa madafu pale Kongowea akatazama upande wa pili kama mtu aliyemwona anayemdai. Hilo nalo simshukuru Mungu. Lakini saa nane mchana nampa kipande kimoja cha barafu akiweke ulimini. Hakitafuni. Hufumba macho. Anakiita dafu langu. Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na minne, na sikuwahi kumwona akinywa maji hivyo wakati maji yalikuwa bure.

Bibi wa nyumba ya pili, Mwislamu, unamjua, ukimuuliza hali hujibu, "Alhamdulillahi ala kulli hali," sifa ni za Mungu kwa kila hali. Mwanawe alizama baharini zamani, wewe bado mdogo. Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza kama huwa anamaanisha. Alinyamaza akipepeta mchele wake, kisha akasema, "Siku nyingine nasema ili nisiseme lile jingine." Hakuna mahubiri yaliyonifaa kama hayo.

Iko shukrani moja nakuomba uiogope. Kule kwenye mashine watu huwa walewale, Jumanne na Ijumaa, muda wa saa nne kila mara, mpaka mnajuana na watoto. Siku moja kiti cha jirani kikawa kitupu. Hatuulizi. Na moyoni nikajikuta nasema, asante Mungu si wetu. Usiku ule nilisoma Luka 18, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona miaka yote: katika mfano ule anayeshukuru ni Farisayo. "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Mtoza ushuru hakushukuru hata neno moja, aliomba rehema tu, na yeye ndiye aliyeshuka nyumbani amehesabiwa haki. Ndiyo maana siku ile kwenye simu sikukwambia "heri wewe umepona." Lilinijia ulimini. Nikalimeza. Nilifurahi kwamba u hai mpaka miguu ikaniisha nguvu, lakini hiyo ni furaha yangu mimi mama yako, sina haki ya kukutandikia wewe ulalie.

Na Bwana mwenyewe, tazama usiku ule aliotolewa. Mezani alitwaa mkate akashukuru, akatwaa kikombe akashukuru. Chakula kilichokuwa mbele yake, watu wake wakiwa wamemzunguka, na msaliti yumo. Wakatoka kwenda bustanini, na kule kulikuwa na kikombe kingine. Hicho hakukishukuru. Aliomba kimwepuke, akarudia mara tatu, maneno yaleyale. Akasema pia mapenzi yako yatimizwe, sawa, lakini asante hakusema. Usiku mmoja, mtu mmoja, vikombe viwili. Mimi hapo ndipo nilipokita mguu, na atakayetaka nishukuru kuliko Yesu anifundishe vizuri.

Upande wetu huu wa bara, kule Nyali, mlipelekwa na shule ya Jumapili kuona kaburi la mke wa Krapf, yule mmisionari. Walifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka uleule Rosina akafa kwa homa, na binti yao aliyekuwa na siku chache tu tangu kuzaliwa akafa pia. Wahubiri hulipenda sana kaburi lile, hulisimulia kama mbegu iliyopandwa ili kanisa liote. Huenda. Mimi tangu msiba wako nikipita pale kwa tuktuk namfikiria yule mtoto tu. Zaidi ya miaka 180 imepita, na bado watu wasema, alikuwako, alizaliwa hapa. Hakuna aliyemwambia Krapf agawe nguo asahau, au kama walimwambia hakuwasikiliza.

Wewe sasa sikupi kazi ya kufanya. Usiandike vitu vitatu kila siku kwenye daftari kwa sababu mama amesema. Kama siku nzima hukuona kitu, mwambie Mungu hukuona kitu. Ila nakuuliza moja, nawe si lazima unijibu: yule muuguzi wa zamu ya usiku, uliyesema alikuja akakaa chini sakafuni karibu na kitanda chako bila kusema neno, umewahi kumrudia? Hata kumpelekea salamu kupitia mumeo? Mimi nilipoanza kuguswa na mtetemo, kinywa kilifunguka kwa Mungu, halafu nikaona aibu kwamba yule kijana wa tuktuk anayembeba baba yako ngazini sijawahi kumwambia asante ya kweli, nampa nauli tu. Siku nilipomwambia aligeuza uso, akajifanya anatengeneza kioo.

Nitapanda treni Jumamosi, Baba akishapata usingizi wa Ijumaa. Nduguyo atabaki naye, na nimemfundisha mahali pa kugusa. Nitakuja na nazi, mbaazi kavu na unga wangu mwenyewe, kwa sababu mahamri ya huko kwenu nimeyaonja. Mwambie mumeo asichukue likizo kwa ajili yangu.

Na zile nguo za mtoto usimpe mtu kabla sijafika. Nataka kuziona. Ile ya manjano niliyoifuma mimi iweke juu.

Mama yako.