Tu Bishvat na watoto wa chekechea, mambo niliyojifunza darasani

Mwaka wa sita huu nafundisha chekechea ya Kiyahudi hapa Marekani, na najua tuko kina dada wengi kutoka kwetu kwenye hizi kazi za watoto, sasa Tu Bishvat ikikaribia wengi hawajui waanzie wapi.

Ni sikukuu ya Kiyahudi, mwaka mpya wa miti, tarehe 15 ya mwezi wa Shevat kwenye kalenda yao, hiyo "Tu" yenyewe ni herufi mbili za Kiebrania zinazohesabika kama 9 na 6, jumla 15. Inaangukia Januari au Februari. Kule Israeli mlozi ndo unatoa maua, ila huku nje ni theluji tupu na mti wa dirishani hauna hata jani, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu ukimweleza sana hakuelewi. Mimi nawapa udongo washike.

Tunapanda pasli, ile inayofanana na giligilani, manake toka hapo mpaka Pasaka ya Wayahudi ni miezi miwili (mwaka ambao mwezi wao wa Adar unarudiwa mara mbili ni mitatu) na usiku wa Seder, kile chakula cha ibada cha kuanza Pasaka, yanatakiwa majani mabichi ya kuchovya kwenye maji ya chumvi, basi mtoto anachovya aliyopanda mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilifukia mbegu kavu tena chini sana. Kuna mtoto alikuwa kila asubuhi akivua koti tu anakimbilia kikombe chake, anachungulia, siku ya kumi akaingiza kidole akafukua kuitafuta mbegu, hakuiona, akalia sana na mimi iliniuma kwelikweli. Pasli inachelewa kuota, hata wiki tatu. Siku hizi naloweka mbegu usiku kucha, nafunika na udongo kidogo tu, halafu pembeni naweka maharage kwenye pamba iliyoloa maji, hayo ndani ya siku chache yanatoa kimzizi na mtoto anakuwa na cha kuangalia huku anasubiri.

Matunda ya kula siku hiyo sasa. Torati inataja mazao saba ya nchi ya Israeli: ngano, shayiri, zabibu, tini, komamanga, zeituni na asali, ambayo wanasema ni ya tende. Usihangaike kutafuta vyote saba. Komamanga moja linatosha, napasua mezani mbele yao, tunasema baraka ya tunda la mti, wanachomoa punje moja moja vidole vyekundu, na darasa zima linatulia, jamani, watoto wadogo kutulia hivyo sijawahi kuona kwa kitu kingine.

Ila zabibu zikate vipande vinne kwa urefu, zeituni toa kokwa, na lozi nzima usiwape kabisa, zinakaba, na kuna wenye aleji. Tini kavu pasua kwanza ukague wadudu, sheria ya Kiyahudi ya chakula ndo inataka hivyo, na kama unalea watoto nyumbani kwao, vya paketi muulize mama yao kabla hujanunua.

Halafu andika jina kwenye kila kikombe kwa kalamu isiyofutika na maji, manake Pasaka ikifika kila mtoto atataka chake.