Breki za nyuma za Model T ya kujijengea: soma hii kabla hujawasha grinda

Vijana mnaoanza kujijengea gari la kizamani, haswa mkipata chesisi ya Ford Model T, kwanza muelewe breki ya mguu inashikia wapi. Hizo gari zilitengenezwa 1908 hadi 1927, na ukikanyaga pedali hushiki magurudumu, unakaza bendi (mkanda wa kubana) ndani ya gia boksi, halafu hiyo nguvu lazima ipitie propela (shafti ndefu ya kwenda nyuma), iingie difu (gia za eksel ya nyuma), ndio ifike kwa tairi. Sasa zile washa (pete) za babbitt, chuma laini, za difu zikisagika, krauni, ile gia kubwa, inaachana na pinioni, ile ndogo, na pedali inakuwa bure kabisa. Unabaki na handbreki peke yake. Mtu wa Nakuru anayejua mteremko wa Salgaa, ule wa ajali nyingi, sihitaji kumweleza hiyo maana yake.

Ndio maana tunaongeza breki za nyuma, bendi inayozunguka dramu (ngoma ya gurudumu) kwa nje, inavutwa na rodi kutoka kwa pedali ile ile. Kazi yenyewe iko kwa adjastimenti. Wengi wanainua gari kwa chesisi, eksel inaning'inia, wanapima rodi hapo wanafunga, kumbe gari likishuka chini na watu wawili wakikaa, springi inabonyea na urefu wa rodi unabadilika, breki inaanza kushika yenyewe. Weka stendi chini ya eksel, uzito ukae kwa springi, halafu mwenzako akanyage polepole sana wewe ukizungusha gurudumu kwa mkono, kwanza hili kisha lile. Zinafaa zianze kushika pamoja, na zishike kabla ya bendi ya gia boksi. Upande mmoja ukitangulia, gari litavuta huko, na kwa murram yenye matope utajikuta kwa mtaro.

Oil sili za eksel badilisha kabla ya hayo yote tafadhali, laining, ile sehemu ya bendi inayosugua dramu, ikilowa mafuta ya difu haishiki tena, na kuiosha na petroli ni kupoteza wakati. Pia ujue hizi bendi nyingi zinashika vizuri ukienda mbele lakini ukirivasi zinalegea, na maji yakiingia ni hivyo hivyo, kwa hivyo handbreki ya zamani usiitoe, iache na rodi zake kando. Jaribu kwanza kwa uwanja tambarare, mwendo wa mguu, halafu ukague kila splitpini (pini za kuzuia viungo vya rodi visifunguke) kabla hujatoka barabarani.