Kidude chenye matundu mawili ubavuni: hiyo sio rupia mkuu

Mkuu nimeiona picha yako ya hicho kidude ulichookota na detekta (mashine ya kutafuta vyuma ardhini) nyuma ya banda bovu la mkonge huko Pongwe, Tanga. Cha kijivu, kidogo kuliko shilingi mia, kina matundu mawili yanaingilia ubavuni na kutokea upande wa pili, herufi zimefutikafutika. Afu umesema kuna jamaa anataka laki na nusu akakupimie, eti ni alama ya sanduku la rupia, zile sarafu za Mjerumani za enzi za ukoloni. Usimpe hata mia. Nasema hivi kwa sababu mimi nilitoa.

Yangu niliipata pembeni ya tuta la reli, upande wa kwenda Muheza, mashine ikalia vizuri kabisa, sio ule mlio wa kukwaruza wa misumari, nikachimba kama kiganja kimoja hivi ikatoka. Nikaipeleka kwa jamaa mmoja Ngamiani anayesifika kwa mambo hayo, akaipuliza, akaigeuza, akasoma E, A, R. Akaniambia E ni Emperor, yaani mfalme wa Wajerumani, na sanduku lenyewe haliko mbali na pale nilipochimba ila linataka ubani kwanza. Nikatoa elfu themanini, ya ubani na ya petroli, na kidude akabaki nacho. Nimefika nyumbani nimelala ndio akili ikarudi: Emperor ni kiingereza! Mjerumani mfalme wake alimwita Kaiser.

Kukijua ni kitu gani ilitokea kibahati tu, niko kwa shangazi Chumbageni nimeinama kwenye mita yake ya zamani ya maji, naona waya mwembamba umepita kwenye kidonge cha risasi (ile metali laini nzito, sio ya bunduki) kimebanwa bapa. Matundu mawili ubavuni. Ndio hiyo hiyo! Nikamuuliza mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa karani wa mizigo stesheni, akacheka mpaka akakohoa. Hiyo ni sili bwana, wao wakiita lakiri. Behewa likishapakiwa mlango unafungwa, waya unapitishwa kwenye komeo, ncha zake mbili zinaingizwa kwenye yale matundu, afu unabana na koleo ambalo meno yake yamechongwa herufi, risasi inabonyea inaumeza waya na herufi zinabaki juu. Huwezi kufungua mlango bila kukata. Mzigo ukifika wanakata wanatupa hapo hapo chini, ndio maana zimejaa kwenye reli na kwenye mabanda ya mkonge yaliyokuwa yanapakia marobota ya singa, yaani nyuzi za mkonge. Na hiyo E.A.R. akaniambia ni reli ya Afrika Mashariki, lile shirika lililoanza 1948 walipounganisha ya Kenya na Uganda na yetu ya Tanganyika. Sasa Mjerumani Tanga aliitoka 1916, sanduku lake angelifungaje na sili hiyo?

Nilirudi palepale nikapata zingine, sasa hivi ninazo saba kwenye kopo, kwahiyo vipimo vifuatavyo nimevifanya mwenyewe. Kwanza ikwaruze na ukucha, risasi inaacha alama, fedha haiachi. Iburuze kwenye karatasi nyeupe, inachora mstari wa kijivu kama penseli. Idondoshe sakafuni, inasema "tap" imekufa, wakati fedha inalia. Kama bado una wasiwasi azima ile mizani ya sonara yenye desimali mbili. Yangu moja ilikuwa gramu 9.12, nikaweka glasi ya maji kwenye mizani nikarudisha sifuri, nikaining'iniza kidude kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini, mizani ikasoma 0.80. Gawanya tisa nukta moja mbili kwa hiyo sifuri nukta nane unapata 11.4, yaani ni kizito mara hizo kuliko maji ya ujazo uleule, na risasi ni 11.3 na kitu. Fedha tupu ni 10.5, shaba nyekundu karibu 8.9, aluminiamu 2.7 tu. Hesabu ya darasani hii, na haihitaji ubani.

Rupia ya kweli ya Mjerumani haifichiki, ni fedha, ina gramu 11.66, upana milimita 30 na ushee, ina kichwa cha Kaiser Wilhelm na kofia yake yenye sanamu ya tai. Zenye tundu ni sarafu zao ndogo, heller 5 na 10 za miaka ya mwisho mwisho, na tundu liko katikati ya uso, sio ubavuni. Kabla ya 1904 walikuwa wanatumia sarafu ndogo iliyoitwa pesa, 64 kwa rupia moja, ina maandishi ya kiarabu upande mmoja. Wavuvi nao wana vipande vya risasi ila chubwi ina tundu moja kubwa na haina herufi.

Ni risasi lakini, kwahiyo usiing'ate kama unavyoona watu wanafanya na dhahabu, nawa mikono, watoto wasiichezee, na asije mtu akaiyeyusha kwenye jiko la kupikia. Na ukihamia Raskazone kulikopigwana 1914, ukitoa kitu cha shaba chenye umbo la pia na pete ya namba, kiache hapo hapo ita polisi, hiyo inaweza kuwa fyuzi ya kombora. Tongoni na magofu mengine usipeleke mashine kabisa, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inataka kibali.

Sasa fanya hivi, usiisugue na mchanga wala limao, osha na maji tu, weka karatasi nyembamba juu yake upitishe penseli kiubavu kama tulivyokuwa tunachora sarafu shuleni, herufi zitatokea. Fanya pande zote mbili uweke picha hapa. Na huyo jamaa yako kama anapanda pikipiki nyekundu, mwambie namdai elfu themanini na sili yangu.